Karne ya Kumfuata Samoni Mtoni Fraser

Majira ya joto ya 1913 samaki walirundikana Hells Gate. Hapo Mto Fraser, unaoanzia Milima ya Rocky magharibi ya Kanada na kusafiri kilomita 1,375 hadi Bahari ya Pasifiki karibu na Vancouver, hubanwa na kuta mbili za mwamba ukabaki na upana wa mita 35 hivi. Juu ya ukuta mmojawapo wakandarasi wa reli ya Canadian Northern walikuwa wakipasua jabali kwa baruti, na kifusi walikisukumia palipokuwa karibu zaidi, yaani mtoni. Samoni waliotoka baharini wakakuta maji si yale. Walijitosa kwenye mkondo, ukawarudisha. Wakajaribu tena, ukawarudisha tena. Nyuma yao wenzao walizidi kuwasili, hata vilindi vya kandokando ya mto vikajaa samaki kwa kilomita kadhaa kuteremka.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa neema. Samoni wa Fraser aina ya sockeye, mwenye nyama nyekundu iliyowatajirisha wenye viwanda vya makopo, kwa kawaida huishi miaka minne. Huanguliwa kwenye changarawe ya kijito, hukaa kama mwaka mmoja ziwani, huteremka baharini akiwa na urefu wa kidole, hunenepa huko, kisha hurudi kwenye kijito kilekile, hutaga mara moja na kufa. Charles Gilbert wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa ndiyo kwanza amelithibitisha hilo kwa kusoma pete za ukuaji kwenye magamba ya samaki. (Trauti wa upinde wa mvua aliyeletwa na wakoloni kwenye vijito vya Mlima Kenya ni ndugu yake wa jenasi moja, ila huyo bahari haijui, wala si lazima afe akishataga.) Kwa sababu ya mzunguko huo, Fraser ulikuwa na miaka mitatu ya wastani na mmoja wa mafuriko ya samaki: 1901, 1905, 1909, kisha 1913. Viwanda vya Kanada na vya upande wa Marekani vilijaza mwaka huo makasha zaidi ya milioni 2, kila kasha makopo 48 ya ratili moja. Pwani ilikuwa harusi. Korongoni kulikuwa matanga.

Waliokuwa wa kwanza kuinama majini hawakuwa maofisa. Wenyeji wa korongo, Wanlaka'pamux, waliwachota samaki kwa nyavu za mpini na kuwabeba kwa vikapu kupita kifusi, wakajenga na mfereji wa mbao ili wengine wapite wenyewe. Ofisa wa uvuvi wa mkoa wa British Columbia, John Pease Babcock, alifika, akaona, akaandika taarifa. Baruti nyingine ikatumika kupunguza mawe. Kisha, Februari 1914, sehemu ya mlima iliyolegezwa na uchimbaji wa handaki la reli ikaporomoka yote ndani ya Hells Gate, mto ukabanwa zaidi kuliko mwanzo. Mawe yaliendelea kuondolewa hadi 1915. Watoto wa samaki wa 1913 walitarajiwa kurudi 1917, na mwaka huo ulipofika, makopo hayakufika hata theluthi ya yale ya 1913. Ukoo ule mkubwa wa mwaka wa nne ulikuwa umekatika.

Yaliyofuata hayapendezi kusimulia. Serikali ilipotafuta njia ya kuwalinda samaki wachache waliosalia, mkono wake uliwafikia kwanza walio dhaifu: wenyeji wa korongo wakabanwa kuvua mahali ambapo mababu zao walivua, eti kila samaki aliyefika pale alihitajika kwenye mazalio. Nyavu za mlangoni mwa mto ziliendelea na kazi. Waliokuwa wamebeba samaki mgongoni wakawa ndio wanaoshukiwa.

Ni vizuri kukumbuka korongo lilikuwaje kabla ya reli. Simon Fraser, mfanyabiashara wa manyoya ambaye mto ulipewa jina lake, alipita hapo 1808 akitafuta njia ya kwenda baharini, akalazimika kuacha mitumbwi na kutembea kwenye magenge, akishikilia ngazi za miti na kamba ambazo wenyeji walikuwa wamezitundika. Yeye aliona mahali pa kutisha. Wenyeji waliona ghala. Samoni anapokutana na maji makali huacha katikati ya mto na kubana ukingoni, anapumzika nyuma ya jiwe, anajitupa hadi jiwe lijalo. Kwa hiyo mahali panapomchosha samaki ndipo panapomrahisishia mvuvi mwenye wavu wa mpini. Miamba mizuri ilikuwa na familia zake, na aliyerithi mwamba alirithi pia elimu yake: maji yakifika ufa huu simama hapa, yakishuka chini ya ufa ule hamia upande wa pili. Zaidi juu, karibu na mji wa Lillooet, Wast'át'imc hadi leo huanika minofu kwenye upepo mkavu wa korongo. Yaani mahali pagumu pa mto, pakiwa na ugumu wa kiasi, paliwalisha watu kwa maelfu ya miaka bila samaki kuisha. Ugumu wa kiasi ndio jambo lenyewe. Kuta za Hells Gate zilikuwa ngumu tangu zamani. Reli ilizidisha kidogo tu, na hicho kidogo kikatosha.

Kwa nini kitoshe? Samoni akishaingia maji baridi hali tena. Safari nzima, ambayo kwa sockeye wa Mto Stuart inafika takriban kilomita 1,000, anaigharimia kwa mafuta na misuli aliyokuja nayo kutoka baharini, na kwenye hazina hiyohiyo lazima abakize ya kutengeneza mayai, kuchimba kiota na kupigania mwenzi. Kuruka maporomoko kwenye picha za kalenda ni sehemu ndogo ya kazi yake. Sehemu kubwa ni kuogelea taratibu kandokando, pale ambapo maji husuguana na mwamba na kupoteza kasi, au hata kugeuka na kutiririka kuelekea juu. Akikosa kijia hicho hutumia misuli myeupe ya kukurupuka, ambayo huchoka kwa dakika chache na kumwachia deni la oksijeni. Mawe yaliyomwagwa Hells Gate yalivifuta vijia vya kandokando. Kwa macho ya binadamu mto ulionekana bado unapitika. Kwa samaki, njia ilikuwa imefungwa katika viwango fulani vya maji na imefunguka katika viwango vingine, na hakuna aliyekuwa akijua vipi ni vipi, kwani maji ya Fraser wakati wa safari huwa na tope na huoni kitu hatua mbili mbele ya pua yako.

Hapo ndipo historia ya kuwafuata samaki inapokutana na historia ya kuwazuia. Wazo la kumtia samaki alama lilikuwa la zamani: Izaak Walton, katika kitabu chake cha uvuvi cha 1653, alisimulia habari za watu waliofunga utepe kwenye mkia wa samoni mchanga ili wamtambue akirudi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mdenmark C. G. Johannes Petersen alibuni visahani viwili vidogo vyenye namba vinavyoshikizwa pande mbili za mgongo kwa waya. Kifaa hicho cha bei rahisi ndicho William F. Thompson alichokwenda nacho Hells Gate 1938.

Thompson alikuwa kiongozi wa utafiti wa tume mpya ya Kanada na Marekani. Mkataba wake ulitiwa saini 1930 lakini ulisubiri hadi 1937 kuidhinishwa, kwa kuwa samaki wa Fraser hupita maji ya nchi zote mbili na kila upande ulimshuku mwenzake kwa ulafi. Watu wake walisimama miambani na nyavu za mpini, wakavua, wakatia visahani, wakaachia. Wavuvi, viwanda na walinzi wa mazalio wakawa wanarudisha visahani walivyovipata. Hadithi iliyojitokeza ilikuwa ya kusikitisha. Samaki aliyetiwa alama Jumatatu aliweza kuvuliwa tena siku kadhaa baadaye mahali palepale, amechakaa. Wengine waliteremka na kuonekana kwenye vijito vya chini visivyokuwa vyao. Thompson alipolinganisha namba hizo na kipimo cha kina cha maji, aliona mpangilio: maji yakiwa juu sana au chini sana samaki walipita, yakiwa kati walikwama. Mwaka 1941 yalikaa kwenye kiwango kibaya kwa wiki nyingi na hasara ikawa kubwa. Kwa hiyo, alisema, korongo halikupona kamwe tangu 1914. Lilikuwa likiua kimya kimya kwa zaidi ya robo karne.

Ngazi za samaki zikajengwa kati ya 1944 na 1946, nusu ya gharama Kanada na nusu Marekani. Mbuni wake, mhandisi Milo Bell wa Seattle, alikuwa na tatizo ambalo ngazi za kale za Scotland na Ubelgiji hazikulijua: kina cha Fraser korongoni hupanda na kushuka kwa mita nyingi ndani ya msimu mmoja, na ngazi ya vidato vya kawaida ingekuwa kavu leo na kufunikwa kesho. Akabuni mfereji wa zege uliogawanywa kwa kuta zenye nyufa za wima kutoka sakafuni hadi juu. Maji yakipanda, ufa ni uleule. Yakishuka, ni uleule. Kati ya ukuta na ukuta maji hugongana yenyewe na kupoteza nguvu, samaki akapumzika, kisha akapenya ufa unaofuata kwa kina anachokitaka. Muundo huo leo uko kwenye mito ya mabara mengi, na wengi wanaoujenga hawajui kwamba ulizaliwa kwa sababu ya kifusi cha reli.

Je, Thompson alikuwa sahihi? Mwaka 1947 Bill Ricker, aliyewahi kufanya kazi kwenye tume hiyohiyo na ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa uvuvi duniani, alichapisha makala yenye shaka. Samaki anayeweza kuchotwa kwa wavu wa mpini, alihoji, ni yupi? Ni yule anayezubaa ukingoni. Mwenye nguvu amekwishapita, hajatiwa kisahani, hayumo kwenye hesabu. Tena kumshika, kumtoboa na kumrudisha majini kunaweza kumdhoofisha, halafu udhoofu huo ukahesabiwa kuwa kosa la korongo. Mimi naona Ricker alishinda hoja na Thompson akashinda mto. Ngazi zilihitajika, ushahidi wa ukubwa wa madhara ulikuwa mwembamba kuliko ulivyotangazwa. Na kulikuwa na jambo ambalo wote wawili walilijua: mwamba kama mkosaji ulikuwa na faida ya kisiasa, kwa sababu mwamba haupigi kura wala haumiliki kiwanda cha makopo. Kumpunguzia mvuvi nyavu ni ugomvi. Kumwaga zege ni sherehe.

Ugomvi huo wa kitaalamu uliacha swali ambalo watafiti wangelibeba kwa karibu miaka 80 iliyofuata: ukimfuata samaki mmoja mmoja, je, unamwona samaki au unaona mkono wako ulivyomgusa?

Wakati Fraser unapata ngazi, jirani yake wa kusini, Columbia, ulikuwa unapata kuta. Bwawa la Bonneville lilikamilika 1938 likiwa na ngazi za samaki na wahesabuji waliobonyeza kitufe kila samaki alipopita, kazi inayoendelea hadi leo. Grand Coulee, lililoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1940, halikupewa ngazi yoyote. Lilikuwa refu mno, wahandisi walisema, na mto wote wa juu ukafungwa kwa samoni moja kwa moja. Juni 1940 makabila ya huko yalikusanyika Kettle Falls kuyalilia maporomoko yao yaliyokuwa yanamezwa na ziwa la bwawa. Machi 10, 1957 ikawa zamu ya Celilo, kituo cha uvuvi na biashara chenye umri wa maelfu ya miaka: milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa asubuhi, na kabla ya siku kwisha maporomoko yakawa yamezama. Maji ya Celilo hayakuwahi kumshinda samoni. Yalimchosha tu, na kwa uchovu huo watu wakala.

Fraser nao ulikuwa kwenye orodha. Palipangwa bwawa la Moran, juu ya Lillooet, ambalo ukuta wake ungezidi mita 200. Tume ya samoni, wavuvi na wanasayansi walipinga, na kwa bahati mashirika ya umeme yakapata mito mingine ya kufunga, Peace na Columbia ya Kanada. Hadi leo shina la Fraser halina bwawa hata moja. Nasema kwa bahati kwa kusudi: mto mmoja uliokolewa kwa sehemu kwa kuwa mingine ilitolewa.

Mabwawa ya Columbia yalizaa teknolojia yake. Mwaka 1956 Parker Trefethen wa idara ya uvuvi ya Marekani alieleza kifaa cha sauti kinachoweza kushikizwa kwa samoni na kusikilizwa kutoka kwenye mashua. Baadaye zikaja redio ndogo zinazosukumwa tumboni kupitia mdomo, antena ikining'inia pembeni ya mdomo wa samaki. Mtafiti huendesha gari barabarani akiwa na kipokezi, au huweka antena kwenye genge na kumsubiri apite. Miaka ya 1980 ikaleta chipu ya kioo yenye urefu wa milimita 12, haina betri, hudungwa tumboni mwa samoni mchanga. Chipu hiyo hulala kimya baharini kwa miaka. Samaki akirudi na kupenya mlango wa ngazi wenye koili ya umeme, chipu huamka kwa umeme wa koili yenyewe na kutaja namba yake. Kwa njia hii samaki wa Idaho hujulikana amepita bwawa lipi saa ngapi, mabwawa manane mfululizo. Hesabu hizo zimekuwa chungu mara nyingi. Mwaka 1992 katika ziwa la Redfish huko Idaho, kilomita zipatazo 1,450 kutoka baharini na takriban mita 2,000 juu ya usawa wake, alirudi sockeye mmoja tu, dume. Akapewa jina Lonesome Larry.

Lakini kumfikisha samaki mlangoni si kumfikisha kwake. Arthur Hasler wa Wisconsin na mwanafunzi wake Warren Wisby walionyesha katika miaka ya 1950 kwamba samoni hukitambua kijito chake kwa harufu. Walipoziba pua za baadhi ya samaki karibu na Seattle, hao walishindwa kuchagua mkono sahihi wa mto. Ukweli huo ulileta balaa ndogo isiyotazamiwa kwenye Seton, kijito cha Fraser karibu na Lillooet. Maji ya ziwa la Seton yalichukuliwa kwa mfereji hadi kituo cha umeme kilichojengwa ukingoni mwa Fraser, na kuanzia 1956 yakawa yanamwagwa hapo, chini kidogo ya mahali kijito kinapoingilia. Samaki aliyepanda Fraser alikutana kwanza na maji ya kwao yakitoka kwenye turbini, safi kabisa, yenye harufu ya nyumbani bila mchanganyiko. Alisimama hapo akingoja mlango usiokuwapo. Mbele kidogo, kijito halisi kilikuwa kimechanganyika na maji ya kijito kingine, Cayoosh, kwa hiyo kilinukia ugeni. Suluhisho halikuwa zege. Ilikuwa kuyadhibiti maji ya Cayoosh wakati wa msimu, ili kijito halisi kinukie vya kutosha.

Miaka ya 1990 Scott Hinch wa Chuo Kikuu cha British Columbia na wenzake walirudi Hells Gate na redio za aina mpya. Hizi hazikusema samaki yuko wapi tu; zilikuwa na nyaya zilizoingizwa kwenye misuli na ziliripoti jinsi anavyojitahidi kila sekunde chache. Kwa mara ya kwanza uchovu ulisikika kutoka ndani ya maji yenye tope. Samaki wawili walioingia korongo saa moja hawakufanya safari moja. Mmoja alipata vijia vya maji yanayorudi nyuma, akapanda kama hana haraka, akatumia kidogo. Mwingine alijikuta kwenye maji yanayochemka, akakurupuka, akakurupuka tena, na waliokurupuka sana ndio walioshindwa. Majike kwa wastani walikuwa wabanifu wa nguvu kuliko madume, jambo la maana kwa kiumbe anayebeba mayai. Vijia walivyovitumia vilikuwa palepale ambapo wavu wa mpini ulikuwa ukisubiri tangu enzi.

Halafu joto likaingia kwenye hesabu. Maji ya Fraser ya majira ya joto yamepanda kwa karibu nyuzi 2 tangu miaka ya 1950, na maji moto hubeba oksijeni kidogo huku yakimtaka samaki atumie zaidi. Katika utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science 2011, Erika Eliason na wenzake walionyesha kwamba sockeye wa Fraser si samaki wa aina moja hata kidogo. Wale ambao kwa vizazi wamepanda njia ndefu na kali wana mioyo mikubwa zaidi na uwezo mpana zaidi wa kusukuma oksijeni. Wa Chilko, wanaopanda hadi ziwa la barafu lililo juu milimani, huvumilia joto linalowaangusha ndugu zao wa vijito vya karibu na bahari. Kila kijito kilikuwa kimemfinyanga samaki wake kulingana na ugumu wa njia yake. Ndiyo sababu swali la zamani, kama Hells Gate inapitika au haipitiki, lilikuwa limeulizwa vibaya. Inapitika na nani, wiki gani, kwa nyuzi ngapi?

Kuwahesabu kukabadilika pia. Tangu miaka ya 1970 kuna kituo cha mawimbi ya sauti Mission, sehemu ya chini ya mto, na baadaye kingine Qualark, chini kidogo ya Hells Gate, ambapo sona huchora kivuli cha kila samaki anayepita bila kumgusa. Hapo angalau Ricker angepumua. Kipande cha pezi au gamba hutoa vinasaba vinavyosema samaki ametoka kijito gani. Ukitoa hesabu ya mazalioni kwenye hesabu ya Mission na kuondoa waliovuliwa, unabaki na waliopotea njiani, na kuna miaka waliopotea ni wengi kuliko waliofika. Tangu katikati ya miaka ya 1990 baadhi ya makundi ya mwisho wa msimu yameanza kuingia mtoni wiki kadhaa mapema, kwenye maji moto, na kufa kwa wingi kabla ya kutaga. Mwaka 2009, walipotarajiwa samaki zaidi ya milioni 10, walirudi kama milioni 1.5, serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya jaji Bruce Cohen. Kabla hajamaliza kusikiliza mashahidi, 2010 ikaleta karibu milioni 30. Ripoti ya 2012 ilikuwa nene na haikumtaja mkosaji mmoja. Wengi walikasirika. Mimi sioni angefanya nini kingine.

Mwisho wa Juni 2019 watu waliokuwa kwenye eneo la mbali liitwalo Big Bar, kaskazini ya Lillooet, waliona maporomoko mahali ambapo hapakuwa na maporomoko. Picha za satelaiti zilionyesha kwamba genge lilikuwa limeporomoka tangu mwishoni mwa 2018, likatengeneza ngazi ya maji ya mita 5 katikati ya korongo lisilo na barabara. Samaki walikuwa njiani tayari. Safari hii meza ya kufanya maamuzi ilikuwa na viti vitatu: serikali ya shirikisho, mkoa, na mataifa asilia ya Fraser, na wavuvi wa Wasecwépemc na Wast'át'imc walikuwa mstari wa mbele. Wapanda miamba waling'oa mawe yaliyolegea juu ya vichwa vya wafanyakazi. Samaki takriban 60,000 walibebwa na helikopta ndani ya matangi. Baadhi walitiwa redio ili ijulikane kama waliovuka wanaendelea au wanarudi nyuma, na sona ikawekwa kuhesabu waliojivukia wenyewe maji yaliposhuka. Mwaka uliofuata kukawa na ngazi ya mawe iliyoigiza vijia vya kandokando, na bomba la hewa linalomvuta samaki juu ya genge. Hata hivyo sockeye wa mapema wa Stuart, wale wa kilomita 1,000, walikuwa wamepotea karibu wote 2019. Tangu hapo baadhi yao wamekuwa wakikamatwa na mayai yao kuanguliwa kwenye vituo, ili ukoo usikatike kama ule wa 1917.

Julai 2024 ikawa zamu ya Chilcotin, mto unaoingia Fraser ukiwabeba samaki wa Chilko. Mlima uliporomoka karibu na Farwell Canyon, ukaziba mto wote, na maji yakajaa nyuma ya kifusi kwa siku kadhaa hadi yalipojipasulia njia Agosti 5 na kukimbia na miti, udongo na kila kilichokuwa njiani. Sockeye wa Chilko walikuwa tayari Fraser, wiki moja au mbili nyuma. Watsilhqot'in, wenyeji wa bonde hilo, na watafiti wa serikali walitia samaki redio, wakaweka vipokezi juu na chini ya kifusi, na sona ikawashwa Chilko kusubiri. Maji yalikuwa uji wa tope, hakuna mtu aliyeweza kuona kitu kwa jicho. Katikati ya Agosti vivuli vya kwanza vilianza kupita kwenye kioo cha mashine, vichache, kisha zaidi.